Mshale wa Sumu na Bomu la Ardhini

Wakamba wa Kitui na Makueni wanajulikana tangu zamani kuwa mafundi wa upinde, na sumu ya mishale yao hutokana na msunguti, mti ambao wenyewe huuita kivai, ambao magome na vipande vyake huchemshwa kwa saa nyingi mpaka ubaki uji mzito, mweusi kama lami. Uji huo hupakwa nyuma ya kigumba, yaani ncha ya chuma ya mshale, kisha huviringishiwa ukanda wa ngozi laini ili usikauke na usimdhuru mwenye mshale, kwa kuwa ukiingia katika damu huvuruga mapigo ya moyo hadi moyo usimame.

Silaha hii ya mwindaji ni ya jamii ya silaha zilizopigwa marufuku mapema zaidi katika sheria za kimataifa za vita. Kanuni za The Hague za 1899 na 1907 zilikataza sumu na silaha zenye sumu. Mkataba wa Roma wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), ambao Kenya iliuridhia mwaka 2005, unayahesabu matumizi yake kuwa uhalifu wa kivita. Na mkutano wa kuupitia mkataba huo, uliofanyika Kampala mwaka 2010, ulipitisha marekebisho ya kulipeleka katazo hilo hadi kwenye vita vya ndani ya nchi. Sababu kuu ni mateso yasiyo ya lazima, kwani askari aliyekwisha kujeruhiwa hapigani tena, na sumu humnyima tu nafasi ya kupona.

Raia, hata hivyo, hulindwa zaidi na kanuni ya kutofautisha, inayomtaka mpiganaji amtenge adui mwenye silaha na mtu asiyepigana. Hapo mshale una sifa ambayo bomu la ardhini halina kabisa: mpiga upinde humwona anayemlenga, ilhali bomu hulipuka chini ya mguu wowote, uwe wa askari au wa mama aendaye kuchota maji miaka mingi baada ya vita kwisha. Inasikitisha kwamba silaha hiyo kipofu ilingoja hadi Mkataba wa Ottawa wa 1997 ndipo ipigwe marufuku, mkataba uliofanyiwa tathmini yake ya kwanza Nairobi mwaka 2004, na kwamba mwaka 2025 Lithuania, Latvia na Estonia zilianza kujitoa katika mkataba huo kwa kuihofia Urusi. Hofu hiyo ina msingi, lakini haiwezi kulifundisha bomu kumtambua mtoto.

Mashariki mwa Kitui, kuelekea Tana River, wakulima na wafugaji wa ngamia wamekuwa wakigombea malisho na maji, na watu wameuawa kwa risasi na kwa mishale. Mapigano ya namna hiyo kwa kawaida hayafikii kiwango ambacho sheria hukiita vita, kwa hiyo makatazo ya The Hague hayayagusi, na anayechomwa mshale shambani mwake hutegemea sheria ya kawaida ya mauaji, polisi wa kuichunguza kesi, na shahidi atakayethubutu kusimama mahakamani.