Muchoko kisha mbio: wakati gani ni kawaida, wakati gani ni kwenda kwa munganga?

Siku ya posho na siku ya yenga, mbele jua litoke, barabara za miji mingi ya mashariki mwa Kongo zinajaa watu wa mbio. Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, vikundi vya vijana, wamama na wababa vinapita na wimbo: mumoja anaanzisha, wengine wanaitika, miguu inapiga chini pamoja. Ni mchezo usioomba feza nyingi. Hakuna kulipa kiwanja, hakuna kununua mupira.

Lakini kuna wale ambao wakifika nyumbani, siku yao inaishia pale pale. Tuseme ni kijana wa miaka 26, fundi wa kujenga, ambaye alianza mbio na wenzake mwezi uliopita. Akirudi anajitupa kwenye kitanda. Saa sita ya muchana kichwa kingali kinamuuma, miguu ni mizito, na kwenye kazi anashindwa hata kubeba ndoo ya muchanga. Wenzake wanamuambia: "Vumilia, mwili utazoea." Naye anavumilia.

Mara nyingi wenzake wana haki. Mara ingine, hapana. Na kutofautisha mambo hayo mawili kunaweza kuokoa maisha.

Ndani ya mwili kunapita nini?

Mutu akikimbia, misuli inachoma sukari ambayo mwili uliweka akiba kutoka kwa chakula. Akiba hiyo iko ndani ya misuli yenyewe na ndani ya ini. Mutu aliyekula vizuri anaweza kukimbia zaidi ya saa moja mbele akiba ianze kupunguka sana. Ikiisha, miguu inakuwa kama mawe, kichwa kinazunguka, mikono inatetemeka.

Wakati huo huo jasho linatoa maji na chumvi. Damu inakuwa na maji machache, moyo unalazimishwa kupiga haraka zaidi ili kazi iendelee.

Halafu kuna maumivu ya miguu. Wengi wanasema ni "asidi" iliyobaki ndani ya misuli. Si hivyo. Asidi ile inatoka mwilini kwa muda wa saa moja hivi kisha mbio. Maumivu ya kesho yake yanatokea kwa sababu nyuzi ndogo ndogo za misuli zimepasuka kidogo na mwili unazitengeneza upya. Yanaanza kesho yake, yanakuwa makali siku ya pili ao ya tatu, kisha yanapunguka yenyewe. Ndiyo maana siku ya kupumzika si uvivu: ndiyo siku ambayo mwili unajenga nguvu.

Sababu za kawaida

Ya kwanza ni kukimbia mbio kupita nguvu. Mutu mupya anaingia kwenye kikundi kilichozoea miaka miwili, anaona haya kubaki nyuma, anafuata mwendo wao. Kumbe kipimo kiko pale pale ndani ya kikundi: wimbo. Mutu anayekimbia kwa mwendo unaomufaa anaweza kuitika wimbo, ao kusema maneno matano sita bila kukatika pumzi. Akiona wengine wanaitika naye anahema tu, apunguze, hata atembee kidogo. Hakuna haya ndani yake.

Ya pili ni tumbo tupu. Kuna familia nyingi ambamo watu wanakula mara moja kwa siku, mangaribi. Kukimbia dakika ishirini asubui bila kula, watu wengi wazima wenye afya wanaweza. Lakini kukimbia saa nzima, kisha kwenda kubeba mizigo, bila kitu tumboni mupaka jioni, mwili unadai deni lake. Siku ambayo chakula ni kidogo, kutembea kunatosha.

Ya tatu ni maji. Mutu anayelala bila kunywa, akaamuka akakimbia bila kunywa, anaanza akiwa amekauka. Rangi ya mukojo inaonyesha: ukiwa mweupe ao wa njano kidogo, ni muzuri, ukiwa wa njano nzito kama chai, maji yamekosa.

Ya ine ni usingizi. Mutu muzima anahitaji saa saba mupaka tisa za kulala kila usiku. Ndani ya majimbo yetu, usiku mwingi watu hawalali: masasi yanasikika, watu wanakesha wakisikiliza, wengine wanalala ndani ya mahema ya wakimbizi wa ndani. Mutu aliyekesha na woga asijilazimishe kukimbia asubui. Mwili hautofautishi muchoko wa mbio na muchoko wa woga. Inabeba yote kwa pamoja.

Ya tano ni mulima. Goma na Bukavu ziko karibu meta 1500 juu ya bahari, Butembo na Lubero ziko juu zaidi. Huko hewa ni nyepesi, na kila pumzi inaleta oksijeni kidogo kuliko kule Kindu ao Kisangani. Mutu anayetoka chini akaanza mbio Butembo kesho yake, atahema kama muzee. Wiki moja ao mbili za kwanza, apunguze mwendo. Kule Uvira na Kalemie shida ni ingine: ni joto. Huko afazali kukimbia alfajiri, ao jioni jua likianza kuzama.

Ya kufanya ukirudi

Usisimame gafula. Ukisimama mara moja, damu inabaki miguuni, kichwa kinazunguka, unaweza kuanguka. Tembea dakika tano mupaka kumi, pumzi irudi.

Kunywa maji kidogo kidogo, si kumeza lita mbili kwa mara moja. Maji mengi kupita kiasi bila chumvi nayo yanaweza kuleta kichefuchefu na kuchanganyikiwa. Na yawe maji yaliyochemushwa ao yaliyotiwa dawa, sababu kolera haijatoka kwetu. Kama jasho lilitoka sana, tengeneza maji ya sukari na chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawa sawa, si vya kujaza mulima. Chumvi isizidi hapo.

Kula mbele saa mbili zipite. Haiombi chakula cha bei. Ndizi, viazi, mihogo ao bugali vinarudisha sukari ndani ya misuli. Maharagi, sambaza, karanga, yai ao kikombe cha mashanza vinasaidia misuli kujitengeneza.

Kesho yake, pumzika ao tembea tu. Kwa mutu anayeanza, mara tatu kwa wiki zinatosha. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mutu muzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki, kama vile kutembea haraka, ao dakika 75 za mazoezi ya nguvu kama mbio. Mwenye kulima, kubeba muchanga ao kusukuma chukudu kila siku, tayari amefanya sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Yeye hana deni na mutu.

Mambo yasiyosaidia

Wengine wanameza kidonge cha maumivu mbele ya mbio, diklofenaki ao ibuprofeni, ili miguu isiume. Dawa hizo, kwa mutu aliyekauka maji, zinaweza kuumiza figo, na kwenye tumbo tupu zinaweza kuleta vidonda. Zaidi ya hayo, zinazima sauti ya mwili iliyokuwa inakuonya.

Wengine wanakunywa vinywaji vya kutia nguvu vinavyouzwa ndani ya makopo na chupa ndogo. Ndani yake kuna sukari na kafeini, ile iliyo ndani ya kahawa. Kafeini inaficha muchoko, haiondoi. Moyo unapiga zaidi, na usiku usingizi unakataa.

Na kuna wale wanaokimbilia kuwekewa serumu kwa sababu wamechoka. Mutu anayeweza kunywa na kula, serumu haimupatie kitu ambacho maji, chumvi na sahani ya chakula haviwezi kumupatia. Inamupatia tu garama, na sindano ambayo hakuihitaji.

Muchoko usioisha

Hapa ndipo penye uzito. Muchoko wa mbio unaisha kwa kulala, kula na kupumzika siku moja ao mbili. Ukipumzika wiki nzima na ukiwa ungali umechoka, ao ukichoka kwa mwendo uleule ambao mwezi uliopita haukukusumbua, usilaumu mbio. Tafuta kitu kingine.

Kwetu, cha kwanza kufikiria ni malaria. Inaweza kuanza na muchoko, viungo kuuma na kichwa kizito, mbele homa ionekane wazi. Wengine wanasema: "Nitakimbia jasho litoke, palu itaisha." Kukimbia hakufukuzi palu. Kunaongeza kazi kwa moyo ambao tayari unapigana. Ukisikia baridi ao homa, acha viatu, nenda ukapimwe damu. Kipimo cha haraka kinachukua dakika chache. Na ukipona, anza kwa kutembea, si kwa kilometa kumi.

Cha pili ni kukosa damu. Wamama wajawazito, wanaonyonyesha, wasichana wenye damu nyingi kila mwezi, na watu wenye minyoo tumboni wanaangukia hapo zaidi. Alama zake: ndani ya kope za macho na kwenye viganja rangi inafifia, moyo unapiga haraka ukipanda ngazi, pumzi inakatika kwa kazi ndogo. Maharagi, sombe, lengalenga na samaki vinasaidia, zaidi vikiliwa na chungwa ao ndimu. Chai inywewe mbali na chakula, sababu inazuia mwili kupokea chuma kilicho ndani ya mboga. Lakini kipimo cha damu kwanza.

Cha tatu ni SS. Kongo iko kati ya inchi tatu za dunia ambamo watoto wengi zaidi wanazaliwa na ugonjwa huo, pamoja na Nigeria na India. Mwenye SS asikimbie kushindana na wengine; mazoezi yake yanapangwa na munganga. Kuna pia wale wanaoitwa AS: walirizi kutoka kwa muzazi mumoja tu, na wengi wao wanaishi bila kujua, wakiwa na afya. Wanaweza kukimbia. Ila wakijisukuma kupita kiasi, bila maji, kwenye joto kali ao mulimani, wanaweza kuanguka. Kwa hiyo kujua hali ya damu yako si kwa ajili ya ndoa peke.

Cha ine ni kifua kikuu. Kukohoa zaidi ya wiki mbili, jasho la usiku, kilo kupunguka: mutu wa namna hiyo asiseme "mazoezi yananikondesha". Aende akapimwe makohozi.

Na mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa kila saa, apime sukari.

Alama za kusimama mara moja

Kuna alama ambazo hazingoji kesho:

– Maumivu ya kifua, ao moyo kupiga bila mupango.
– Kuzimia wakati wa mbio, hata kama umeamuka na unasikia vizuri.
– Kukosa pumzi isiyorudi hata kisha kupumzika.
– Mukojo mweusi kama kahawa ao mwekundu.
– Mutu anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka, mwili ukiwa moto sana.

Huyu wa mwisho joto limemushinda. Mupeleke kwenye kivuli, mutoe nguo za juu, mumwagie maji mwili mzima, mupepee, huku mukitafuta njia ya kumufikisha hospitali. Asipewe maji ya kunywa kama hana akili timamu, yanaweza kumupalia.

Vikundi vya mbio vinaweza kusaidia hapa kuliko mutu mumoja. Inatosha mumoja mwenye nguvu akae nyuma na wale wa mwisho, badala ya wote kukimbilia mbele. Na kila mutu ajue mwenzake ana ugonjwa gani, kama mwenyewe anakubali kusema.

Kurudi polepole

Na yule fundi wa kujenga? Kama damu yake haina malaria na inatosha, dawa yake ni rahisi. Akimbie dakika mbili, atembee dakika mbili, mupaka dakika ishirini zitimie, mara tatu kwa wiki. Wiki zinazofuata aongeze kidogo kidogo mbio, apunguze kutembea. Usiku alale mapema, asubui anywe maji mbele ya kutoka, akirudi ale mbele ya kwenda kwenye kazi. Kisha wiki sita ama nane, wengi wanashangaa: mulima uleule uliokuwa unawaua, wanaupanda wakiitika wimbo.

Lakini kama amefanya hayo yote na muchoko ungali pale, wenzake wasimuambie tena avumilie. Wamusindikize kwenye kituo cha afya.