Nzi wa Embe Hamalizwi kwa Bomba

Mkulima wa embe anapomwita mtaalamu wa wadudu, huwa anataka jina la dawa. Mtaalamu anayeijua kazi yake huanza kwingine: huokota embe lililoanguka, akalipasua, kisha akafukua udongo chini ya mti. Anatafuta mdudu amefikia hatua gani ya maisha yake, kwa kuwa kila hatua ina mahali pake pa kumkabili.

Adui mkubwa wa embe katika ukanda wetu ni nzi wa matunda aitwaye Bactrocera dorsalis. Asili yake ni Asia, na hapa Afrika aligunduliwa kwanza Kenya mwaka 2003. Ni kwa sababu ya nzi wa matunda kwamba mwaka 2014 Kenya ilijisimamishia yenyewe kuuza embe katika soko la Umoja wa Ulaya, ikarejea mwaka 2021.

Jike hutoboa ganda la tunda na kutaga mayai chini yake. Funza huanguliwa humo humo na kula nyama ya embe. Wakishiba hutoka, hujichimbia kwenye udongo, na baada ya siku kadhaa huibuka wakiwa nzi kamili. Hapo ndipo bomba linapoishiwa nguvu: dawa inayobaki juu ya ganda haimfikii funza aliye ndani, wala aliyejifukia ardhini.

Mitego nayo huwapotosha wengi. Ile yenye kivutio kiitwacho methili eujenoli huvuta madume tu. Chupa ikijaa, mkulima hufurahi, ilhali majike wanaotaga bado wako mtini. Kwa mtaalamu, mtego huo ni kipimo kwanza: huhesabu nzi kila wiki, na idadi ikianza kupanda anajua wakati wa kuchukua hatua umefika.

Jike ananaswa kwa tamaa yake ya chakula. Anahitaji protini ili mayai yake yakomae, kwa hiyo chambo cha protini kilichochanganywa na kiuatilifu kidogo hupuliziwa sehemu ndogo tu ya majani ya kila mti. Hiyo huokoa fedha, na huwanusuru wadudu rafiki, wakiwemo majimoto. Sisimizi hao wekundu wanaoshona majani kuwa viota huzungukazunguka juu ya matunda na kumfukuza jike kabla hajataga. Wapo wakulima wanaowaua kwa sababu wanauma wakati wa kuvuna, bila kujua wanaua walinzi wao.

Kazi ngumu kuliko zote haina kemikali. Maembe yaliyoanguka yaokotwe kila mara, yafukiwe kina cha nusu mita au yafungwe kwenye mifuko myeusi ya plastiki na kuachwa juani mpaka funza wafe. Na nzi hajui mpaka wa shamba. Huzaliana pia kwenye mapera, na kwenye mkungu ulioachwa ujiotee uani kwa jirani.

Kwa hiyo kijana anayetaka kazi hii asome elimu ya wadudu na sheria za viuatilifu, ikiwemo idadi ya siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Lakini ajifunze pia kuongoza kikao cha kijiji. Mwenye miti mitatu asiyeuza hata embe moja hana hasara ya kumsukuma aokote matunda yake, na bila yeye mitego ya wenzake wote itajaa msimu hadi msimu.