Hija ya Mto Ganges: Kikundi Kianze na Tiketi za Treni

Waumini wa dini ya Kihindu wa Bagamoyo na Dar es Salaam wanaokusudia kuhiji kwa pamoja katika miji ya Mto Ganges, nchini India, wanashauriwa kutanguliza tiketi za treni. Kutoka Mumbai hadi Varanasi, reli huchukua takribani siku nzima. Tangu Novemba 1, 2024, raia wa India hukata tiketi siku 60 kabla ya safari. Mgeni anaruhusiwa hadi siku 365. Kikundi chenye wazee kisipoteze fursa hiyo, kwani viti vya pamoja huwahi kwisha. Aidha, wazee waepushwe na siku kuu za kuoga: Januari 29, 2025, msongamano wa Kumbh Mela mjini Prayagraj uliua watu wasiopungua 30.