Hukumu ya Imla Mtandaoni

Mwalimu mmoja wa darasa la nne ameniandikia kuuliza jinsi ya kutunga zoezi jepesi la imla ambalo wanafunzi wake watalifanya kwa simu au kompyuta, wasikie neno likisomwa, waliandike, na kuhukumiwa papo hapo. Habari za kurekodi sauti na kuiweka kwenye intaneti naziacha, kwa kuwa mafundi wake ni wengi. Nasema tu kwamba mwanafunzi aliandike neno mwenyewe, asipewe maumbo manne achague moja, maana kusoma maumbo yenye kasoro huharibu tahajia ya msomaji baadaye, kama watafiti Jacoby na Hollingshead walivyoonyesha mwaka 1990.

Kinachonivuta ni hukumu yenyewe. Aghalabu mazoezi haya hujua hukumu mbili tu, sahihi na kosa, na hiyo si insafu, kwani aliyeandika "zahabu" mahali pa "dhahabu" hawezi kuwekwa safu moja na aliyeandika "dabu". Hisabu ifaayo iliasisiwa na Vladimir Levenshtein, mwanahisabati wa Urusi ya Kisovieti, ambaye mwaka 1965, akichunguza ishara zinazoharibika wakati wa kupelekwa na wala si madaftari ya watoto, aliweka kipimo cha tofauti ya maneno mawili: idadi ndogo kabisa ya herufi zinazopasa kutiwa, kuondolewa au kubadilishwa ili neno moja liwe la pili. Kipimo hicho nakiita masafa ya tahajia. Neno "umbali" lingetosha, lakini masafa husafiriwa, na hapa kuna safari.

Chora jedwali, neno sahihi "dhahabu" likae juu kwa upana, na "zahabu" la mtoto likae ubavuni kwenda chini, kila moja likitanguliwa na nafasi moja tupu ya kuanzia. Kila chumba cha jedwali ni bandari, na jahazi limeng'oa nanga pembe ya juu kushoto likielekea pembe ya chini kulia. Kwenda kulia ni kutia herufi iliyosahauliwa, na kwenda chini ni kuondoa iliyozidi, na kila moja ina ushuru wa 1. Kwenda mshazari ni kukabilisha herufi mbili, ambazo zikifanana nahodha hupita bure, na zikihitilafiana hulipa 1. Nahodha asiye na maarifa angejaribu njia zote, nazo kwa maneno haya mawili ni 19,825. Lakini nahodha mwenye busara huuliza katika kila bandari jambo moja, ni ushuru gani mdogo kabisa unaoweza kukifikisha chombo hapa, na jibu hulipata kwa kutazama bandari tatu tu zilizo jirani, ya juu, ya kushoto na ya mshazari, kisha kuongeza ushuru wa hatua ya mwisho. Kwa hiyo bandari 56 zikijazwa zamu kwa zamu, ya mwisho hutaja masafa kamili. Tena akirudi nyuma akisoma stakabadhi zake, ataona bayana ni wapi alipolipa, yaani ni herufi gani iliyomponza mtoto. Utaratibu huu wataalamu Wagner na Fischer waliuchapisha mwaka 1974, nami sijaona hisabu fupi kuliko hiyo yenye faida kubwa hivyo.

Walakini jahazi letu limetozwa 2, na aliyeandika "dhahaba" angetozwa 1, ilhali kila mmoja wao amekosa sauti moja tu. Taksiri ni ya kuhesabu herufi badala ya sauti. Basi programu na iagizwe kwamba dh, th, gh, sh, ch, ny na ng' kila moja ni kitu kimoja, na hapo "zahabu" itatozwa 1 kwa haki. Kadhalika ile alama ya ng' ina maumbo mawili katika simu, lililonyooka na lililopinda, nayo yasipohesabiwa kuwa kitu kimoja, mtoto aliyeandika "ng'ombe" sawasawa atadhulumiwa. Mtafiti Damerau naye alieleza mwaka 1964 kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa ya tahajia aliyoyachunguza yalikuwa kosa moja tu la kutia, kuacha, kubadili au kupindua herufi mbili zinazofuatana. Kwa hiyo kupindua nako kuwe na ushuru wa 1, ili "kitbau" isitozwe 2.

Mimi ningepunguza ushuru uwe nusu kwa l na r, dh na z, th na s, kwani watoto wengi hutoka katika nyumba ambazo lugha yake haizipambanui sauti hizo. Kiasi hicho ni rai yangu, na kila mwalimu apime kwa darasa lake.

Baada ya hukumu yabaki marudio. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006, kwa wanafunzi wa chuo, kwamba aliyejijaribu hukumbuka zaidi baada ya juma moja kuliko aliyerudia kusoma. Maneno yaliyotozwa ushuru basi yarudishwe kesho yake, kisha baada ya juma, yakitangulia yale ambayo stakabadhi zake zimeonyesha sauti ile ile ikikosewa katika neno zaidi ya moja.