Funga Simu, Funga na Laini

Ndugu wananchi wa Kanama, wengi wenu mnaofanya biashara katika soko la Mahoko, au mnaovuka mpaka kwenda Goma, hubeba fedha ndani ya simu. Simu huwekewa namba ya siri, lakini laini husahauliwa. Mwizi aishindwaye simu huchomoa laini, akaitia katika simu nyingine. Tangu hapo, namba za uthibitisho humfikia yeye, naye huweza kuwakopa jamaa zako kwa jina lako.

Iwekee laini namba yake ya siri katika mipangilio ya usalama. Utaulizwa namba ya awali: usibahatishe, iulize kampuni yako ya simu, kwani ukikosea mara 3 laini hujifunga.

Waifai isiyo na nywila, usiitumie kwa mambo ya fedha, izime usipoihitaji.

Kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa kwa Sheria Na. 60/2018. Ukiibiwa, omba kwanza laini ifungwe, kisha uarifu Polisi kwa 112 au RIB kwa 166, bila malipo.