UZI: "Ukame ulikuwepo tangu zamani." Kweli. Halafu?

Kila mjadala wa ukame au mafuriko kwa TV, mmoja lazima aseme, "Hata babu zetu waliona ukame, hii tabianchi ni biashara ya wafadhili." Mwingine anajibu, "Ni tabianchi, sasa serikali ifanye nini?" Hao wawili wanapingana lakini wanafika pahali pamoja: hakuna wa kulaumiwa. Twende Naivasha tuulize tope.

Kando ya Kisiwa cha Crescent kuna shimo la volkeno lililojaa maji. Ndipo ziwa lina kina kirefu zaidi. Tope hutua pale mwaka baada ya mwaka, tabaka juu ya tabaka. Wanasayansi wakiongozwa na Dirk Verschuren walishindilia bomba chini, wakalitoa limejaa. Ukishuka, unarudi nyuma miaka. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2000.

Tope linasemaje? Kuna mwani mdogo sana, daiatomu, wenye ganda kama la kioo. Ukifa, ganda linabaki. Aina zingine hupenda maji baridi, zingine yenye chumvi. Ziwa likipungua chumvi inakolea, wapangaji wanabadilika. Vichwa vya viluwiluwi vya usubi pia hubaki humo, na vinatoa ushahidi huohuo. Mashahidi wawili wasiojuana.

Ushahidi wenyewe: miaka 1,100. Takriban 1000 hadi 1270, hapa kwetu kulikuwa kukavu kuliko leo. Halafu mvua ikarudi hadi karibu 1850, ikikatizwa na vipindi vitatu virefu vya ukame. Na vipindi hivyo vinaoana na masimulizi ya wazee kuhusu njaa na watu kuhama. Kwa hivyo babu zetu hawakudanganya.

Basi yule wa kwanza ameshinda? Ngoja. Mtu kufa kwa malaria jana haimaanishi wa leo hakugongwa na gari. Chanzo kinatafutwa kivyake. Mapovu ya hewa kwenye barafu ya Antaktika yanaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 kaboni dioksidi haikupita sana 300 kwa kila milioni. Leo imepita 420. Hiyo haikuletwa na babu.

Na matumbawe ya Malindi, yaliyokua karibu miaka 300, yalihifadhi alama za udongo ulioletwa na Mto Sabaki. Karne ya 20 alama zilipanda sana. Ni mashamba na misitu ya bara hiyo, tusisingizie mbingu.

Sasa huyu wa pili, wa "serikali ifanye nini". Kama Ziwa Naivasha limekuwa likipanda na kushuka kwa karne nyingi, nani aliidhinisha ploti pale chini? Maji yalipoingia Kihoto, watu walipoteza nyumba walizojenga na mkopo wa sako. Tope lilikuwa limeshaongea miaka mingi kabla.

Vipimo vyetu vya mvua vimeanza juzi tu, wakati wa ukoloni, na vipindi vya ukame kama vile vitatu havimo. Kwa hivyo mgombea akikuahidi bwawa au mradi wa unyunyizaji, muulize swali moja: hesabu yako ya mvua inaanzia mwaka gani?