Keki ya zambarau kwa mafuta ya zeituni: faida iko wapi?

Anayeoka keki nyumbani Watamu, Pwani ya Kenya, anaijua adha ya siagi. Maelekezo ya vitabuni humtaka aipige pamoja na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi, lakini maelekezo hayo yalitungwa kwa majiko ya nchi za baridi. Siagi hushika hewa vizuri ikiwa kwenye nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi. Ikifika nyuzi 32 hadi 35 huyeyuka kabisa. Katika jiko la mabati kule Timboni, saa saba mchana mwezi wa Februari, siagi iliyotoka kwenye friji hulegea kabla mayai hayajavunjwa. Ukiipiga hapo hewa haikai ndani yake, na keki hutoka imelala, nzito, yenye mafuta chini.

Mafuta ya maji hayana tabia hiyo. Hayategemei ubaridi, hewa ya keki hutoka kwenye mayai yanayopigwa na sukari, kama wanavyofanya mama zetu wanapopika mkate wa mayai. Mafuta huingia mwishoni, huzunguka chembe za unga na kuzizuia zisishikane sana zikawa ngumu kama mkate. Siagi ina maji kama asilimia 16 na hurudi kuganda keki ikipoa. Mafuta ya maji hubaki maji, ndiyo maana keki yake huwa bado laini siku ya pili na ya tatu. Kwa hiyo, hata kabla ya kuzungumzia moyo na mishipa, mwokaji wa Pwani ana sababu ya haki ya kuiacha siagi.

Mafuta ya zeituni si mgeni Watamu. Waitaliano walianza kuja kwa wingi pwani hii miaka ya 1960, wakati nchi yao ilipojenga kituo cha kurushia setilaiti baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka jukwaa hilo mwaka 1967. Baadaye zikaja hoteli, nyumba za likizo, piza na aiskrimu. Wapishi wengi wa Watamu na Malindi waliofanya kazi katika majiko hayo wanajua kuyatumia mafuta ya zeituni kuliko wapishi wa miji mikubwa zaidi ya Kenya. Na kwa Waislamu wa Pwani zeituni ina historia ndefu kuliko hoteli yoyote: ni mafuta ya kujipaka, ya kumkanda mtoto, ya kunywa kijiko kimoja mtu akikohoa.

Hapo pana jambo la kutahadhari. Zile chupa ndogo za duka la dawa, zilizoandikwa kuwa ni za ngozi na nywele, si za kupikia. Baadhi huchanganywa na manukato au mafuta mengine yasiyokusudiwa kuliwa. Mafuta ya chakula yasomeke hivyo kwenye chupa, na yale bora huandikwa "extra virgin", maana yake yamekamuliwa bila kemikali na asidi huru ndani yake haizidi asilimia 0.8.

Faida yake kwa afya mara nyingi husimuliwa kana kwamba mafuta haya ni dawa inayoingia mwilini na kusafisha mishipa. Sivyo yanavyofanya kazi. Karibu asilimia 73 ya mafuta ya zeituni ni ya aina ambayo wanakemia huiita mafuta yasiyoshiba ya kiungo kimoja (monounsaturated), hasa asidi ya oleiki. Mafuta yaliyoshiba, yaani yale yanayopenda kuganda na ambayo hupandisha kolesteroli mbaya katika damu, ni kama asilimia 14 tu. Siagi ina asilimia 51 ya mafuta yaliyoshiba. Mafuta ya mawese, ambayo ndiyo msingi wa mafuta mengi mazito yanayouzwa madukani Kenya, yana karibu nusu. Mafuta ya nazi, tunayoyapenda sana huku, yanazidi asilimia 80. Kolesteroli hushuka pale mafuta ya zeituni yanapochukua nafasi ya hayo mengine. Anayekula mahamri yaliyokaangwa kwa mafuta mazito kisha akanywa kijiko cha zeituni juu yake hajapunguza kitu. Ameongeza kalori 120.

Tufanye hesabu ya keki moja. Keki ya vipande 10 iliyookwa kwa gramu 115 za siagi humpa kila mlaji karibu gramu 6 za mafuta yaliyoshiba. Ikiokwa kwa mililita 100 za mafuta ya zeituni, kipande hicho hicho kina gramu 1.3. Ikiokwa kwa mafuta ya nazi, kinapita gramu 7. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana shinikizo la damu, na kwa mtu ambaye mishipa yake tayari inaelemewa, tofauti hiyo ikirudiwa wiki baada ya wiki si ndogo.

Ushahidi mkubwa zaidi ulitoka Uhispania. Utafiti uitwao PREDIMED uliwafuata watu zaidi ya 7,000 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo. Waliopewa mafuta ya zeituni ya daraja la juu, pamoja na mboga, samaki na kunde, walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini kwa karibu asilimia 30 kuliko kundi la kulinganisha. Ripoti ya kwanza ya mwaka 2013 iliondolewa kwa sababu ya kasoro katika namna baadhi ya washiriki walivyogawanywa, ikapigiwa hesabu upya na kuchapishwa tena mwaka 2018 ikiwa na jibu karibu lile lile. Naamini utafiti huo. Lakini watu wale hawakuishi kwa keki, na hakuna anayeweza kuutumia kutetea kipande cha tatu.

Sasa matunda. Maelekezo ya Ulaya husema stroberi na bluberi. Stroberi hufika Pwani kutoka bara, na bluberi za Kenya hulimwa maeneo kama Murang'a, sehemu kubwa ikienda ng'ambo. Bei yake Watamu si ya kila nyumba. Nami sioni haja ya kuzililia wakati mzambarau upo uani. Zambarau ni tunda la jamii ya beri kwa maana kamili ya wataalamu wa mimea, na weusi wake hutokana na rangi za kundi lile lile linaloipa bluberi umaarufu, yaani anthosiyanini. Ule ukakasi unaokausha ulimi, ambao watoto huutuliza kwa chumvi, hutokana na tanini. Mafuta na maziwa huutuliza vizuri zaidi: mafuta hutanda juu ya ulimi, na protini za maziwa huzishika tanini kabla hazijashika mate. Ndiyo sababu zambarau na mafuta ya zeituni, yenye uchungu kidogo wa kwake, hupatana kuliko mtu anavyodhani.

Kwa keki moja chukua gramu 200 za unga wa ngano, gramu 100 za sukari, mayai 3, mililita 100 za mafuta ya zeituni, robo kikombe cha maziwa lala, vijiko 2 vya chai vya beking pauda, chumvi kidogo, na maganda ya limau yaliyokwaruzwa. Chemsha zambarau kwa maji kidogo mno kwa dakika tano, ziponde na kuzipitisha kwenye chujio ili kokwa zibaki. Unahitaji uji wake mzito kiasi cha mililita 150. Piga mayai na sukari mpaka yaumuke na kupauka. Mimina mafuta polepole huku ukipiga, kisha lala, uji wa zambarau na maji ya nusu limau. Chekecha unga na beking pauda juu yake, changanya kwa mwiko bila kukoroga sana. Oka kwenye nyuzi 180 kwa dakika 40 hadi 45. Asiye na oveni atumie sufuria na makaa, machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama tunavyopalia mkate wa sinia.

Usitumie magadi soda. Rangi ya zambarau hubadilika kufuatana na asidi: penye limau huwa nyekundu, penye magadi hugeuka buluu ya kijivu hata kijani, na keki ya rangi hiyo hakuna mtoto atakayeigusa. Joto nalo huharibu sehemu ya rangi hizo na sehemu kubwa ya vitamini C. Kwa hiyo bakiza zambarau chache mbichi, au stroberi kama umezipata, uziweke juu wakati wa kuandaa. Korosho za Kilifi zilizopondwa zikitiwa juu huongeza mafuta mazuri ya aina ile ile ya zeituni.

Wengi huuliza kama mafuta ya zeituni hayageuki sumu motoni. Mafuta ya daraja la juu huanza kutoa moshi karibu na nyuzi 190 hadi 210, na ndani ya keki joto halipiti sana nyuzi 100 kwa sababu maji yake bado yanachemka. Harufu na baadhi ya kemikali zake zinazowasha koo hupungua, lakini asidi ya oleiki hubaki. Kinachoyaharibu zaidi mafuta haya ni mwanga, hewa na joto la kila siku. Chupa iwe nyeusi, ifungwe vizuri, ikae mbali na jiko na dirisha, na iishe ndani ya mwezi mmoja au miwili baada ya kufunguliwa. Yakinuka kama karanga za zamani, yamechacha. Na lile jaribio la kuyaweka kwenye friji kuona kama yataganda si kipimo cha uhalisi wake. Mafuta halisi hutofautiana kufuatana na aina ya zeituni.

Kuhusu bei, sitamwambia mtu aache kununua samaki ili anunue zeituni. Mafuta ya uto, yaani ya simsim, ambayo bibi zetu waliyatumia kabla ya hoteli kuja, yana mafuta yaliyoshiba asilimia 14 hadi 15 tu, karibu sawa na zeituni. Ladha yake ni kali, basi changanya nusu na mafuta ya alizeti. Kwa moyo, hatua kubwa ni kuyaacha mafuta mazito, na hatua hiyo haihitaji chupa kutoka Italia.

Siku za joto kali zinafaa kitu cha baridi. Loweka ubuyu mweupe, ule usiotiwa rangi wala sukari, uchuje, usage na stroberi chache au uji wa zambarau, tia asali kijiko na mafuta ya zeituni kijiko, ugandishe. Ubuyu una vitamini C nyingi, na kwa kuwa hapa hakuna moto, sehemu kubwa yake husalimika. Mafuta huzuia barafu isiwe na chembe kubwa ngumu. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe chochote chenye asali, kwa hatari ya botulizimu, ugonjwa unaoletwa na sumu ya bakteria.

Limebaki suala la sukari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke hadi asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Kipande cha keki tuliyoieleza kina gramu 10 na kalori takriban 230. Mwaka 2016 watafiti wa Napoli, Italia, waliripoti kuwa wagonjwa wachache wa kisukari cha aina ya kwanza waliokula mlo wenye wanga unaopandisha sukari haraka pamoja na mafuta ya zeituni, sukari yao ilipanda polepole kuliko walipokula mlo huo huo na siagi. Ni habari njema, ila polepole si kutopanda.

Nalisema hili kwa sababu mitaani kwetu zambarau, kokwa zake na majani yake husifiwa kuwa hutibu kisukari. Watafiti wa Brazili waliijaribu chai ya majani ya mzambarau kwa wagonjwa, wakachapisha mwaka 2006 kwamba haikushusha sukari. Tunda ni zuri na lina nyuzinyuzi, lakini halichukui nafasi ya vidonge wala insulini. Mwenye kisukari na akate kipande kimoja chembamba, akile baada ya mlo badala ya peke yake, apime sukari yake saa mbili baadaye, na dawa aliyoandikiwa asiikatize hata siku moja.